Umefuta, Lakini Diski Bado Imejaa

Msimamizi wa seva akipigiwa simu kwamba mfumo wa ofisi umegoma, diski ndiyo hushukiwa mwisho. Kwanza ataangalia kama mtandao upo, atawasha upya huduma moja au mbili, atamuuliza mwenzake kama kuna kitu alichokigusa jana jioni, na huenda nusu saa ikapita kabla hajaandika amri ya `df -h` na kukutana na mstari unaomaliza ubishi: asilimia 100. Hapo moyo hutulia, kwa sababu ugonjwa umejulikana na dawa yake inaonekana nyepesi. Anatafuta faili kubwa kuliko yote, analikuta ndani ya `/var/log` likiwa limenenepa hadi gigabaiti 11, analifuta kwa `rm`, kisha anaandika tena `df -h` ili ajipongeze. Jibu ni lile lile, asilimia 100.

Makala haya yanahusu bumbuwazi la wakati huo. Nitazungumzia seva za Linux, kwa kuwa ndizo zinazokodishwa kwa wingi na ndizo zinazobeba tovuti, barua pepe na hifadhidata za ofisi nyingi, ingawa sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu pia mifumo mingine ya ukoo wa Unix. Hoja yangu ni moja: kwenye mifumo hii, kufuta kitu na kupata nafasi ni matukio mawili, na katikati yake yapo mambo kadhaa yanayoweza kulizuia la pili lisilifuate la kwanza. Asiyeyajua mambo hayo huendelea kufuta, na kila asipofanikiwa hufuta kitu chenye thamani zaidi ya kilichotangulia.

Dalili zinazopoteza njia

Diski ikijaa, kiini cha mfumo hurudisha kosa namba 28 kwa programu yoyote inayoomba kuandika, na kosa hilo kwenye skrini husomeka `No space left on device`. Lau kila programu ingelitangaza kosa hilo kama lilivyo, kazi ya msimamizi ingekuwa rahisi. Nyingi hulimeza na kutoa malalamiko yao wenyewe. Mtumiaji wa tovuti huandika neno la siri sahihi na kurudishwa kwenye ukurasa ule ule wa kuingilia, mara tatu, mara nne, hadi aamini kwamba amelisahau. Kumbe neno ni sahihi, ila faili dogo la kumtambua katika ukurasa unaofuata limeshindwa kuandikwa. MySQL, programu ya hifadhidata, ikikosa pa kuandikia logi zake za binari, yaani kumbukumbu za mabadiliko ya data, haifi, bali husimama na kusubiri mtu aondoe kitu, ikichungulia kila baada ya dakika moja, hivyo kwa aliye nje inaonekana kama seva imekuwa nzito tu. PostgreSQL, programu nyingine ya hifadhidata, ikishindwa kuandika kwenye `pg_wal`, saraka yake ya kumbukumbu za mabadiliko, hujizima yenyewe, jambo linalotisha zaidi ingawa ni la uaminifu zaidi.

Dalili mbaya kuliko zote ni ile inayoletwa na mrekebishaji mwenyewe. Baadhi ya programu za kuhariri, na hati nyingi tunazojiandikia, hulikata faili hadi liwe tupu kabla ya kuliandika upya. Ukifanya hivyo kwa faili la usanidi wakati diski imejaa, ukataji hufaulu na uandishi hushindwa, nawe unabaki na faili la usanidi lenye baiti sifuri. Kwa sababu hiyo sipendi kuona mtu akianza kurekebisha usanidi wa huduma iliyokwama kabla hajaitazama diski.

Kuitazama diski kwenyewe kunahitaji hesabu mbili, si moja. Amri ya `df` huuliza mfumo wa mafaili: katika daftari lako, bloku ngapi zimeshikwa? Amri ya `du`, kwa mfano `du -xh --max-depth=1 /`, hufanya kazi tofauti kabisa: hutembea saraka hadi saraka, hulitazama kila faili linaloonekana kwa jina, na kujumlisha. Herufi `x` huiagiza isivuke kwenda kwenye diski nyingine. Tuchukue kwamba katika seva yetu yenye diski ya gigabaiti 40, `df` inasema 38 zimetumika na zilizobaki ni sifuri, ilhali `du` inajumlisha 27 tu. Tofauti ya 11 si hitilafu ya hesabu. Ni fununu, na pia ni ukubwa uleule wa faili lililofutwa muda si mrefu.

Jina si faili

Kila faili kwenye mfumo wa ext4, ambao ndio wa kawaida katika Debian na Ubuntu, matoleo mawili ya Linux, lina sehemu tatu zisizokaa mahali pamoja. Kuna data yenyewe, iliyogawanywa katika bloku ambazo kwa kawaida ni za kilobaiti 4 kila moja. Kuna inodi, yaani kadi ndogo inayosema faili ni la nani, lina ukubwa gani, nani anaruhusiwa kulisoma, na bloku zake ziko wapi. Na kuna jina, ambalo halimo ndani ya data wala ndani ya inodi, bali limeandikwa kwenye saraka kama mstari mmoja: jina hili, inodi namba fulani. Amri ya `rm` hugusa sehemu hiyo ya tatu peke yake. Hulifuta jina na kupunguza idadi ya majina yanayoielekea inodi ile. Idadi ikifika sifuri, na kama hakuna mchakato wowote, yaani programu inayoendeshwa, ulio na faili hilo mkononi, hapo ndipo kiini huziachia bloku zitumiwe na wengine.

Mwenye nyumba wa Kariakoo anaweza kulifuta jina la mpangaji kwenye daftari lake saa tatu asubuhi, lakini kama mpangaji bado yumo chumbani na ufunguo anao, chumba hakijawa wazi. `df` huhesabu vyumba vyenye watu. Amri ya `du` husoma daftari. Katika mfano wetu mpangaji ni programu ya tovuti iliyolifungua faili lake la logi siku ilipowashwa na haijalifunga tangu hapo. Msimamizi amelifuta jina, programu haina habari, na inaendelea kuandika kwenye faili lisilo na jina, kiasi kwamba baada ya saa moja gigabaiti 11 zitakuwa 11 na ushei, ikiwa kuna upenyo wowote uliopatikana.

Aliyezoea Windows huona jambo hili kama kasoro, kwa sababu huko mfumo kwa kawaida hukataa kufuta faili lililo wazi na kukuambia kwamba linatumiwa na programu nyingine. Unix, tangu enzi za waasisi wake Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, ilichagua njia nyingine, na uchaguzi huo una faida tunazozila kila siku bila kuzitaja. Programu inayohitaji faili la muda huweza kulifungua na kulifuta papo hapo, ikalitumia bila jina, na hata ikianguka katikati ya kazi hakuna takataka itakayobaki. Vivyo hivyo maktaba ya programu inaweza kubadilishwa na toleo jipya huku programu zinazoitumia zikiendelea na toleo la zamani bila kukatika. Upande wa pili wa faida hiyo ya mwisho unastahili kukumbukwa: programu iliyowashwa kabla ya sasisho la usalama huendelea kutumia maktaba yenye tundu hadi iwashwe upya, hata kama kwenye diski maktaba hiyo imeshafutwa.

Kumpata mpangaji asiye na jina ni kazi ya amri moja. `lsof +L1` huorodhesha mafaili yaliyo wazi ambayo hayana jina tena, pamoja na ukubwa wa kila moja, namba ya mchakato unaolishika, na namba ambayo mchakato huo unalitambulia. Tuseme mchakato ni 1423 na namba ya faili ni 7. Njia ya kiungwana ni kuiambia programu ilifunge faili, ama kwa kuiwasha upya ama kwa ishara ambayo programu nyingi za seva huielewa; nginx, programu ya seva ya tovuti, kwa mfano, ikipokea ishara ya `USR1` hufunga logi zake na kuzifungua tena bila kumkata mteja hata mmoja. Kama programu haiwezi kuguswa kwa wakati huo, mtumiaji mkuu (root) anaweza kulikata faili kupitia saraka ya `/proc`, ambamo kiini huonyesha michakato, kwa kuandika `: > /proc/1423/fd/7`, na gigabaiti 11 zitarudi kabla hajaondoa kidole kwenye kibodi. Tahadhari moja ni ya lazima: mbinu hiyo ni ya logi. Ukiitumia kwa faili la hifadhidata umekata shina.

Mlango huohuo wa `/proc` unaokata ndio unaookoa. Mtu akifuta kwa bahati mbaya faili la maana ambalo programu bado imelishika, asiizime programu. Aandike `cp /proc/1423/fd/7` na mahali pa kulipeleka, kwenye diski nyingine yenye nafasi, naye atapata nakala ya kilichofutwa. Ikiwa faili lilikuwa likiandikwa wakati huo, nakala haitakuwa safi, lakini ni afadhali kuliko kukosa kabisa. Wengi huiwasha upya seva kwa hofu, na kwa kitendo hicho ndipo faili linapotoweka kweli.

Kinga ya haya yote ni kutofuta logi iliyo wazi. Kama unataka kuipunguza kwa dharura, `truncate -s 0` huikata faili bila kuligusa jina. Kama unataka kazi hiyo ifanyike yenyewe, `logrotate` ipo karibu kila seva, na inafaa kuelewa kwamba ina tabia mbili zisizofanana. Tabia ya kawaida ni kulipa faili la zamani jina jingine, kuunda jipya, kisha kuiarifu programu ihamie kwenye jipya. Mstari wa kuarifu ukikosekana, programu huendelea kuandika kwenye faili la zamani, ambalo baadaye hufutwa, na tunarudi kwa mpangaji wetu. Tabia ya pili, `copytruncate`, hunakili faili kisha hulikata la awali, hivyo haihitaji kumwarifu mtu. Bei yake ni kwamba mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kukata hupotea, na kwamba kunakili kwenyewe kunahitaji nafasi, kitu ambacho siku ya dharura hakipo.

Logi zinazosimamiwa na `journald`, huduma ya mfumo ya kukusanya logi, hujiwekea mipaka: bila kuambiwa lolote hazivuki asilimia 10 ya mfumo wa mafaili, wala gigabaiti 4. Zinazoua seva ni zile ambazo programu yenyewe hujiandikia mahali inapojua, na zile za makontena ya Docker, yaani programu zinazoendeshwa kila moja ndani ya sanduku lake, ambazo kwa usanidi wa awali wa `json-file` hazina kikomo chochote. Aliyekuwa akidhani kwamba kontena likikaa kimya ndani ya sanduku lake haliwezi kuijaza diski ya mwenyeji, atazame `/var/lib/docker`.

Kuna aina moja ya mpangaji huyu inayosumbua kuliko nyingine kwa kuwa hutokea na kutoweka. Saa mbili usiku kengele inalia kwamba diski imejaa. Saa mbili na dakika tano unaingia kwenye seva na kukuta asilimia 60. Mara nyingi mhusika ni swali zito la hifadhidata, ripoti ya mwisho wa mwezi kwa mfano, linalopanga mamilioni ya safu na kuhitaji faili la muda. MySQL kwenye Unix hulifungua faili la namna hiyo na kulifuta jina lake papo hapo, kwa sababu ile niliyoieleza juu, kwa hiyo hata ukiitazama saraka ya `/tmp` wakati tukio linaendelea hutaona kitu. Swali likishindwa, faili huachiwa na nafasi hurudi, na ushahidi pekee unaobaki ni mistari ya kosa namba 28 ndani ya logi na mhasibu anayelalamika kwamba ripoti yake haikutoka.

Nafasi ipo, kadi zimekwisha

Wakati mwingine `df -h` inaonyesha asilimia 55 na programu bado zinasisitiza kwamba hakuna nafasi. Hapo anayestahili kuulizwa ni `df -i`, inayohesabu inodi badala ya bloku. Idadi ya inodi kwenye ext4 huamuliwa siku mfumo wa mafaili unapoundwa: kwa kawaida moja kwa kila baiti 16,384, hivyo diski ya gigabaiti 40 hupata inodi 2,621,440, na haiwezi kuongezewa bila kupanuliwa diski yenyewe. Fikiria ghala la korosho kule Mtwara ambalo sakafu yake ina nafasi ya magunia mengi, lakini kitabu cha stakabadhi kimekwisha. Karani hawezi kupokea gunia jingine hata kama anapaona pa kuliweka.

Wanaokula inodi ni mafaili madogo yasiyohesabika. Mafaili ya kuwatambua watumiaji wa tovuti zilizoandikwa kwa lugha ya PHP ni mfano unaojulikana. Debian ina kazi maalumu ya kuyafagia, lakini programu ikiamua kuyaweka kwenye saraka yake yenyewe, fagio hilo huenda lisifike. Mfano ninaoupenda zaidi, kama neno kupenda linafaa, ni wa barua zisizotumwa. Kila kazi ya `cron`, huduma ya kuendesha kazi kwa ratiba, inayochapisha chochote humtumia mwenye kazi barua pepe. Kwenye seva ambayo Postfix, programu ya kusafirisha barua pepe, imewekwa lakini haifanyi kazi, barua hizo hurundikana ndani ya `/var/spool/postfix/maildrop`, moja kwa kila utekelezaji. Kazi inayoendeshwa kila dakika hutoa barua 1,440 kwa siku na 525,600 kwa mwaka. Zidisha kwa miaka mitano upate 2,628,000, idadi inayopita inodi zote za diski yetu. Kazi moja tu, iliyoandikwa na mtu ambaye pengine ameshahama ofisi, inatosha kuisimamisha seva hiyo kabla ya kutimiza miaka mitano, huku barua zote kwa pamoja zikiwa zimechukua takribani gigabaiti 10, robo tu ya diski.

Kuitafuta saraka yenye mrundikano, `du --inodes -x --max-depth=1 /var` husaidia, ukishuka ngazi moja moja. Usijaribu kuorodhesha yaliyomo kwa `ls` ya kawaida, kwa kuwa itataka kwanza kuyapanga kwa alfabeti na utakaa ukiitazama skrini. Amri ya `ls -f` haipangi. Wala `rm *` haitafaulu, maana ganda, yaani programu inayopokea amri zako, huigeuza nyota kuwa orodha ya majina yote na orodha hiyo huvuka kikomo cha urefu wa amri. `find` yenye `-type f -delete` hufuta faili baada ya faili bila kuhitaji orodha. Baada ya hapo, ielekeze kazi ya `cron` iandike matokeo yake kwenye faili la logi. Wengi huyatupa kabisa ili wapate utulivu, nami naona hilo ni kosa la pili juu ya la kwanza, kwani barua zile milioni mbili na zaidi huenda zote zilikuwa zikieleza jambo moja lililoharibika. Ukipenda kuliepuka tatizo hili tangu mwanzo, mfumo wa XFS hutengeneza inodi kadiri zinavyohitajika, hivyo ni nadra kwake kuishiwa kadi ilhali sakafu ina nafasi.

Gigabaiti mbili zisizoonekana

Msomaji makini atakuwa ameona kwamba hesabu ya seva yetu haikutimia: diski 40, zilizotumika 38, zilizobaki sifuri. Mbili zile ni akiba. Ext4 huweka pembeni asilimia 5 ya bloku kwa ajili ya mtumiaji mkuu peke yake, ili huduma za kawaida zikishaijaza diski, yeye bado aweze kuingia, kuandika logi na kufanya usafi. Kwenye diski ya mfumo akiba hiyo iachwe. Kwenye diski ya data tupu yenye terabaiti 1, asilimia 5 ni kama gigabaiti 50 zilizolala, na amri ya `tune2fs -m 1` huipunguza hadi asilimia 1 bila kuizima seva.

Kilichofunikwa

Ikiwa `df` na `du` zinatofautiana na `lsof` haionyeshi mtu, kuna shaka nyingine. Linux hupachika diski ya pili juu ya saraka ya kawaida, na wakati imepachikwa, chochote kilichokuwamo ndani ya saraka hiyo hufunikwa kama sakafu chini ya mkeka. Kwenye ofisi zetu jambo hili lina hadithi inayojirudia. Umeme unakatika, jenereta inachelewa, seva inazimika. Umeme ukirudi, seva inawaka haraka lakini diski ya nje ya chelezo, yaani nakala za akiba, haijaamka, hivyo saraka ya `/chelezo` inabaki saraka tupu ya diski kuu. Usiku hati ya chelezo inaendeshwa, haiulizi, inamimina gigabaiti zake humo humo. Asubuhi mtu anagundua, anapachika diski ya nje, kila kitu kinaonekana sawa, na nakala ya usiku ule inabaki chini ya mkeka, ikihesabiwa na `df` na isionekane na `du` wala na mtu yeyote.

Kuukunja mkeka bila kuzima huduma inawezekana: tengeneza saraka tupu, tuseme `/mnt/chini`, andika `mount --bind / /mnt/chini`, kisha endesha `du` ndani yake. Diski kuu itaonekana uchi, bila vilivyopachikwa juu yake. Kuzuia kurudia ni rahisi kuliko kutafuta: hati ya chelezo ianze kwa `mountpoint -q /chelezo` na ikatae kuendelea kama jibu ni hapana. Wengine huipa saraka tupu sifa ya kutobadilika kwa `chattr +i` kabla ya kupachika, ili siku diski isipokuwapo uandishi ushindwe kwa kelele.

Snapshoti, yaani picha za hali ya diski katika wakati fulani, za mifumo ya mafaili ya Btrfs au ZFS nazo ziko katika kundi hili la visivyoonekana. Ukifuta faili ambalo snapshoti ya jana inalikumbuka, bloku zake haziachiwi, kwa sababu ahadi ya snapshoti ni hiyo hasa: kuikumbuka jana.

Kufuta kunakokula nafasi

Ndani ya hifadhidata mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa huko kufuta safu mara nyingi hakurudishi nafasi kwa mfumo, na kwa muda huweza kuila. Amri ya `DELETE` kwenye PostgreSQL huziwekea safu alama ya kufa tu. `VACUUM` ya kawaida huja baadaye kuruhusu nafasi yake itumiwe na safu mpya za jedwali lilelile, lakini faili kwenye diski kwa kawaida halipungui. `VACUUM FULL` hulipunguza kweli, ila kwa kuliandika jedwali upya pembeni, hivyo jedwali la gigabaiti 15 laweza kudai nafasi ya karibu kiasi hicho ili likuachie nafasi. InnoDB, injini ya MySQL ya kuhifadhi data, ina mwenendo unaokaribiana na huo, na juu yake kila ufutaji huandikwa kwenye logi za binari. Msimamizi anayefuta safu milioni kumi ili kuiokoa diski iliyofika asilimia 97 anaweza kuifikisha 100 kwa mkono wake.

Hili si jambo la ofisi ndogo. Tarehe 29 Agosti 2023 Toyota, ambayo magari yake yamejaa barabara zetu, ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya kuunda magari nchini Japani kwa sababu mfumo wa kuagiza vipuri ulikuwa umegoma. Wapo waliohofia shambulio la mtandaoni. Maelezo ya kampuni yenyewe, siku chache baadaye, yalikuwa haya: tarehe 27 Agosti yalifanyika matengenezo ya kawaida ambapo data iliyolimbikizana katika hifadhidata ilikuwa ikifutwa na kupangwa, diski ikaishiwa nafasi, mfumo ukasimama. Seva za akiba ziliendeshwa kwenye mfumo uleule, zikapatwa na yaleyale, na haikuwezekana kuhamia kwao. Uzalishaji ulirejea baada ya data kuhamishiwa seva yenye nafasi kubwa zaidi. Kumbuka shughuli iliyokuwa ikiendelea: usafi.

Kosa la hatari kuliko yote katika eneo hili ni kuingia kwenye saraka za hifadhidata na kufuta kwa `rm` kinachofanana na logi. PostgreSQL ilikuwa na saraka iitwayo `pg_xlog`, yenye mafaili ya megabaiti 16 kila moja, mengi, yenye majina marefu ya namba yasiyovutia. Watu wenye diski iliyojaa waliyaona, wakaona neno linalofanana na logi, wakayafuta, na hifadhidata ikakataa kuwaka tena, kwa sababu mafaili yale ndiyo yanayobeba mabadiliko ambayo bado hayajatua kwenye majedwali. Tatizo lilijirudia hadi watengenezaji wakaibadilisha jina saraka hiyo katika toleo la 10 la mwaka 2017. Ndiyo hiyo tunayoiita leo `pg_wal`. Ikijaa, kinachotafutwa ni sababu ya kujaa: mara nyingi ni seva ya nakala iliyoondolewa bila kuondoa nafasi yake ya kusubiriwa (replication slot), au amri ya kuhifadhi kumbukumbu inayoshindwa kimyakimya. Sababu ikiondolewa, PostgreSQL huyafuta mafaili hayo yenyewe. MySQL nayo ina `PURGE BINARY LOGS` kwa kazi ya namna hiyo, na toleo la 8.0 huzifuta logi za binari zilizopitisha siku 30 bila kuombwa.

Ni kwa kuwa hifadhidata huhitaji nafasi ili kutoa nafasi ndiyo maana baadhi ya wasimamizi huweka akiba ya pili, mbali na ile asilimia 5 ambayo PostgreSQL na MySQL haziwezi kuigusa, kwa kuwa haziendeshwi na mtumiaji mkuu. Siku seva inapoandaliwa huandika `fallocate -l 2G /akiba-ya-dharura`, na wanapata faili la gigabaiti 2 lisilo na kitu ndani na lisilo na kazi yoyote. Siku diski inapojaa hulifuta kwanza, huduma zikapumua, kisha wakaanza kutafuta chanzo kwa utulivu. Faili hilo, tofauti na logi ile ya gigabaiti 11, nafasi yake hurudi palepale: lina jina moja tu, na hakuna programu iliyowahi kulifungua.